Walinzi Wawili wa Kituo cha Kwanza: Lou Gehrig na Jimmie Foxx

Uwanja wa besiboli una umbo la almasi, na katika kila pembe ya almasi ile mna kituo ambacho mpigaji, akishaupiga mpira kwa rungu, sharti akikimbilie na kukigusa kabla mpira haujafika mikononi mwa anayekilinda. Kituo cha kwanza ndicho mlango wa safari nzima. Mlinzi wake hukanyaga kituo kwa mguu mmoja, akanyoosha mkono wenye glavu kumwelekea mwenzake anayemtupia mpira, na hivyo hupokea mipira mingi ijapokuwa hakimbii sana. Na kwa sababu hiyo makocha wa tangu zamani walizoea kuweka pale watu wenye sulubu, ambao kazi ya kulinda haikuwamaliza nguvu, na ambao kazi yao kubwa ilikuwa kuupiga mpira kwa kishindo ili wenzao walio njiani wapate kurudi salama nyumbani, yaani kwenye kituo cha kupigia.

Baina ya mwaka 1929 na 1938 Ligi ya Amerika, mojawapo ya ligi mbili kuu za Marekani, ilijaaliwa walinzi wawili wa namna hiyo ambao kila mmoja wao, lau angeishi katika zama zake peke yake, angehesabiwa kuwa hana kifani. Mmoja alikuwa Lou Gehrig wa timu ya Yankees ya New York, na wa pili Jimmie Foxx, aliyechezea Athletics ya Philadelphia na kisha Red Sox ya Boston. Mwenye kuwapima kwa hesabu ataona mizani ikikaribia kusimama sawasawa. Walakini jina la Gehrig linajulikana hata na watu wasioijua besiboli, kwa kuwa limekuwa jina la maradhi, ilhali jina la Foxx limebaki katika vinywa vya wachache. Nia ya historia hii ni kuonyesha jinsi usawa ule ulivyozaa tofauti kubwa kiasi hiki.

Mtoto wa mji na mtoto wa shamba, 1903–1924

Henry Louis Gehrig alizaliwa New York tarehe 19 Juni 1903, mtoto wa wahamiaji wa Kijerumani, na katika watoto wanne wa nyumba ile ni yeye peke yake aliyesalia. Baba yake alikuwa fundi wa mabati ambaye maradhi yalimnyima kazi mara kwa mara, na kwa hivyo mzigo wa maisha ukamwelemea mama, Christina, aliyefua nguo za watu, akapika na kusafisha nyumba za wengine, huku mwanawe akimsaidia kubeba nguo kuzirudisha kwa wenyewe. Mwaka 1920, akiwa mwanafunzi, alisafiri na timu ya shule yake kwenda Chicago, na huko, katika uwanja wa timu ya ligi kuu, akaupiga mpira ukavuka uzio na kutoka nje kabisa. Pigo la namna hiyo, ambalo humruhusu mpigaji kuvizunguka vituo vyote bila kuzuiliwa na yeyote, wachezaji huliita homurani. Aliingia Chuo Kikuu cha Columbia, ambako mama yake alikuwa mpishi katika nyumba ya wanafunzi, na mama huyo alitaraji kumwona mwanawe mhandisi. Lakini mwaka 1923, dhiki na maradhi vilipozidi nyumbani, kijana alitia saini mkataba wa Yankees, akapokea dola 1,500 za kuanzia, na ndoto ya uhandisi ikaishia hapo.

James Emory Foxx alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1907 katika mji mdogo wa Sudlersville, katika pwani ya mashariki ya Maryland, mahali pa mashamba na ng'ombe wa maziwa. Baba yake alikuwa mkulima aliyewahi kucheza besiboli ya vijijini, na mikono ya mtoto ilikomaa kwa kukama na kubeba majani makavu kabla haijajua rungu. Mwaka 1924, akiwa na umri wa miaka kumi na sita, alichukuliwa na Frank Baker, mpigaji mashuhuri wa zamani aliyekuwa akiiongoza timu ya Easton jirani na hapo. Naye Baker, kwa kuwa aliwahi kuichezea Philadelphia, alimfikisha kijana kwa bwana wake wa zamani, Connie Mack, aliyekuwa kocha wa Athletics na mmoja wa wamiliki wake. Hivyo wote wawili walitoka katika nyumba zisizo na ukwasi; ila mmoja alitoka katika mji mkubwa kuliko yote ya Marekani, ambako magazeti hayalali, na wa pili alitoka mahali ambapo habari kubwa ya juma ni mvua.

Mwaka mmoja, milango miwili, 1925–1928

Tarehe 1 Mei 1925 Foxx, ambaye hata shule ya sekondari hakuimaliza, aliingizwa uwanjani kumpigia mwenzake, akaupiga mpira na kukifikia kituo cha kwanza salama, naye ana umri wa miaka kumi na saba. Mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 1 Juni, Gehrig naye aliingizwa kumpigia mwenzake, na kesho yake akapangwa kulinda kituo cha kwanza mahali pa Wally Pipp. Watu husimulia kuwa Pipp siku hiyo aliumwa na kichwa, akaomba kupumzika, akapoteza nafasi yake milele. Lakini Yankees mwaka ule ilikuwa ikishindwa ovyo, na kocha Miller Huggins aliwaweka kando wazee kadhaa kwa siku moja ili aone kama damu changa itaiamsha timu. Hakuna aliyejua kwamba kijana yule akishaingia hatatoka kwa muda wa miaka kumi na minne.

Mlango wa Gehrig ulifunguka mara moja, ilhali ule wa Foxx ulifunguka nusu ukasita. Foxx alikuja Philadelphia akiwa mdakaji, yaani yule achutamaaye nyuma ya mpigaji na kupokea mipira ya mrushaji, na mwaka uleule Mack alikuwa amempata Mickey Cochrane, aliyekuja kuwa miongoni mwa wadakaji hodari kuliko wote waliopata kutokea. Kwa miaka mitatu Foxx aliketi zaidi kuliko alivyocheza, na Mack, mzee aliyeongoza timu akiwa amevaa suti na kola ngumu, alimweka karibu naye bentini amfundishe mchezo kwa macho. Mwaka 1928 alitumiwa huku na huko, na mwaka 1929 akakabidhiwa kituo cha kwanza kiwe chake.

Katika muda huo Gehrig alikuwa amekwisha kuwa mtu mkubwa, ingawa ukubwa wake ulikuwa chini ya kivuli. Mwaka 1927 alipiga homurani 47 kwa wastani wa 0.373, yaani kiasi cha mapigo yake yaliyofaulu katika mara alizopiga, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Lakini mwaka huohuo mwenzake Babe Ruth, aliyetangulia kupiga mbele yake katika orodha, alipiga homurani 60, na Marekani nzima haikuzungumza jambo lingine. Ruth alikuwa mtu wa vishindo na vicheko, Gehrig mtu wa haya na kimya, na kimya hakiuzi magazeti. Jambo hili la kutazamwa baada ya mwingine lilimfuata karibu maisha yake yote ya uchezaji.

Philadelphia juu ya kilele, 1929–1931

Foxx alipokishika kituo cha kwanza, Athletics iliiondoa Yankees katika kiti cha enzi. Miaka mitatu mfululizo iliongoza ligi, ikashinda michezo 104, kisha 102, kisha 107. Mwaka 1929 na 1930 ikatwaa pia fainali ya mwisho wa msimu, ambayo Wamarekani huiita Mashindano ya Dunia, na mwaka 1931 ikaikosa katika mchezo wa saba wa mwisho.

Katika fainali ya 1930, dhidi ya Cardinals ya St. Louis, mchezo wa tano ulifika zamu ya tisa na ya mwisho bila upande wowote kupata kitu. Mrushaji wa Cardinals alikuwa Burleigh Grimes, mmoja wa wachache walioruhusiwa bado kuulowesha mpira kwa mate ili upinde njiani, kwa kuwa walikuwa wakifanya hivyo kabla ya sheria kuukataza ujanja huo. Mwenzake Foxx mmoja yuko kituoni. Foxx aliukata mpira uliomjia, ukapaa ukavuka uzio wa kushoto, na mchezo ukaisha mbili kwa sifuri. Kijana wa Sudlersville alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili.

Lakini chini ya furaha ile palikuwa na ufa. Athletics ilitwaa ubingwa wa 1929 tarehe 14 Oktoba, na siku kumi baadaye soko la hisa la New York likaanza kuporomoka. Mack hakuwa na mali nyingine ila timu yake. Philadelphia ilikuwa mji wa viwanda ambao mafundi wake walipokosa kazi walikosa pia senti za kuingilia uwanjani. Na sheria ya jimbo la Pennsylvania ilikataza besiboli ya kulipiwa siku ya Jumapili, siku pekee ambayo mfanyakazi alikuwa na nafasi, mpaka ilipolegezwa na michezo ya Jumapili ikaanza mwaka 1934. New York iliruhusu Jumapili tangu 1919, na mwenye Yankees, Jacob Ruppert, alikuwa tajiri wa viwanda vya bia. Katika tofauti hizi za kalenda na mfuko ndimo hatima za walinzi wawili zilimoanza kuachana, wakati ambapo kwa rungu walikuwa wakizidi kukaribiana.

Taji lililopokezanwa, 1932–1934

Tarehe 3 Juni 1932 Yankees ilicheza Philadelphia katika uwanja wa Shibe Park. Gehrig alipiga homurani nne katika mchezo mmoja, jambo ambalo hakuna mtu aliyelifanya katika Ligi ya Amerika kabla yake. Na mara nne zote, alipovizunguka vituo, alipita mbele ya Foxx, aliyekuwa akilinda kituo cha kwanza upande wa pili. Karibu apate ya tano, kwani katika zamu ya mwisho mpira wake ulikwenda mbali hata karibu na uzio, ukadakwa. Lakini siku hiyohiyo John McGraw, aliyeiongoza timu ya Giants kwa miaka thelathini, alitangaza kujiuzulu, na magazeti yakampa McGraw nafasi ya mbele. Katika fainali ya mwaka huo Gehrig alipiga kwa wastani wa 0.529, na watu wakakumbuka zaidi mkono wa Ruth uliosemwa kuwa ulionyesha mahali utakapoangukia mpira wake. Homurani ya Gehrig iliyofuata pale pale ikawa kama tanbihi.

Mwaka ule wa 1932, pamoja na yote hayo, ulikuwa mwaka wa Foxx. Alipiga homurani 58, mbili tu pungufu ya zile za Ruth, akawaingiza nyumbani wenzake na nafsi yake mara 169, kila mara ikihesabiwa mkimbio mmoja, akapewa tuzo ya mchezaji bora. Mwaka 1933 aliongoza ligi kwa mambo matatu makuu kwa pamoja, yaani wastani wa 0.356, homurani 48, na mikimbio 163 aliyoiingiza, na kutimiza matatu hayo ndiko kunakoitwa kuvaa Taji Tatu. Mwaka 1934 Taji Tatu likamhamia Gehrig, kwa wastani wa 0.363 na homurani 49. Hivyo walinzi wawili wa kituo kimoja, katika ligi moja, walipokezana taji lile miaka miwili mfululizo.

Malipo yao, hata hivyo, hayakufanana na kazi yao. Foxx alipomaliza mwaka wa taji lake, Mack, ambaye madeni yalimkaba, alitaka kumpunguzia mshahara. Gehrig alipomaliza mwaka wa taji lake, tuzo ya mchezaji bora ilikwenda kwa Cochrane, yule yule mdakaji aliyemkalia Foxx mlangoni, ambaye sasa alikuwa ameuzwa Detroit na kuifikisha timu yake mpya kileleni. Na mbele ya hadhira ya nchi nzima, ligi ilipowakusanya nyota wake kwa mara ya kwanza mjini Chicago tarehe 6 Julai 1933, Gehrig alilinda kituo cha kwanza mchezo mzima, na Foxx, ingawa alikuwa katikati ya mwaka wake mkubwa, alibaki bentini. Katika mikutano miwili iliyofuata walicheza pamoja, lakini Foxx ndiye aliyehamishwa kwenda kulinda kituo cha tatu ili Gehrig asiondoke cha kwanza, na mwaka 1935 akalipa uhamisho ule kwa homurani. Hakuna habari kwamba alinung'unika.

Mwaka 1934 una jambo jingine la kutisha linalowaunganisha. Mwishoni mwa Juni, katika mchezo wa maonyesho mjini Norfolk, Virginia, mpira ulimpiga Gehrig kichwani akaanguka hana fahamu, kwani zama zile wapigaji hawakuvaa helmeti. Kesho yake alicheza. Majuma mawili baadaye kiuno kilimkaza Detroit asiweze kusimama wima, na ili mfululizo wake wa michezo usikatike akaandikwa wa kwanza katika orodha, akapiga mara moja, akakifikia kituo, akatoka. Na mwezi wa Oktoba, katika mchezo wa maonyesho mjini Winnipeg, Kanada, mpira ulimpiga Foxx naye kichwani akazimia. Alipona na kusafiri, ila maumivu ya uso na kichwa hayakumwacha kabisa katika miaka iliyofuata. Wote wawili walipigwa mwaka mmoja, katika michezo isiyohesabiwa kitu, iliyochezwa ili kuongeza mapato.

Shizuoka, Novemba 1934

Vuli ile Mack, Ruth, Gehrig, Foxx na wenzao walivuka bahari hadi Japani, ambako umati mkubwa uliwapokea barabarani Tokyo. Walishinda kila mchezo, na mingi waliishinda kwa wingi wa kuaibisha. Lakini tarehe 20 Novemba, mjini Shizuoka, walikutana na mrushaji kijana wa miaka kumi na saba, Eiji Sawamura, ambaye aliwatoa mmoja baada ya mwingine Charlie Gehringer, Ruth, Gehrig na Foxx, bila wao kuupiga mpira ukaingia uwanjani. Wapigaji wakubwa wa dunia wakarudi wakaketi, na Wajapani uwanjani wakaona kwamba nao wanaweza. Mchezo uliamuliwa na pigo moja tu, nalo lilikuwa homurani ya Gehrig: moja kwa sifuri.

Matokeo ya ziara ile yalikuwa makubwa kuliko ushindi wake. Kutokana na timu iliyokusanywa kuwakabili Wamarekani ilizaliwa klabu ya kulipwa ya Tokyo, na mwaka 1936 Japani ikaanzisha ligi yake. Sawamura aliuawa vitani mwaka 1944, meli yake ilipozamishwa. Lakini mchezo ulioota mizizi kule ulisafiri hata ukafika Afrika Mashariki, ambako Wajapani waliwafundisha wanafunzi wa Dar es Salaam, na uwanja wao ukapewa jina la Koshien, uwanja mashuhuri wa besiboli wa Japani.

Soko la wachezaji, 1935–1938

Mkataba wa mchezaji zama zile ulimfunga kwa timu yake maisha yake yote, na haki ya kuondoka haikuwa yake bali ya mwenye timu, aliyeweza kumuuza kama auzavyo mali. Mack aliwauza nyota wake mmoja mmoja ili aziridhishe benki, na mnamo Desemba 1935 zamu ya Foxx ikafika: alikwenda Boston kwa dola 150,000, kwa mkono wa tajiri kijana, Tom Yawkey, aliyekuwa akiijenga upya Red Sox. Athletics, iliyokuwa kilele cha ligi, ikashuka mkiani, na Mack hakuonja tena ubingwa.

Gehrig hakuuzwa. Ruth aliondoka New York baada ya msimu wa 1934, na msimu wa 1935 Gehrig akabaki peke yake kileleni, ingawa timu haikushinda kitu; kisha mwaka 1936 akaja Joe DiMaggio, na macho ya watu yakahama tena. Mwaka huo Gehrig alipiga homurani 49, akapewa tuzo ya mchezaji bora kwa mara ya pili, na Yankees ikaanza kutwaa ubingwa wa dunia miaka minne mfululizo, yeye akishiriki mitatu ya kwanza. Foxx, kwa upande wake, alikuwa mpigaji mkubwa katika timu iliyokuwa bado haijawiva. Tofauti ya timu ndiyo iliyomfanya mmoja aonekane kuwa mshindi daima na mwingine kuwa mwenye nguvu asiye na ushindi, ijapokuwa nguvu zilikuwa sawa.

Mwaka 1938 ulikuwa wa mwisho wa kukutana kwao kwa haki. Foxx, mwenye miaka thelathini, alipiga homurani 50, akaingiza mikimbio 175 kwa wastani wa 0.349, akapewa tuzo ya mchezaji bora mara ya tatu. Gehrig alimaliza kwa wastani wa 0.295 na homurani 29, hesabu ambayo mchezaji mwingine angeisherehekea, ila kwake ilikuwa ishara ambayo hakuna aliyeweza kuisoma. Watu walisema ni uzee.

Detroit, 2 Mei 1939

Msimu wa 1939 ulipoanza, Gehrig alicheza michezo minane na kupata mapigo manne tu kati ya ishirini na nane. Miguu ilichelewa, mpira uliokuwa ukimtii ulimpita, na inasimuliwa kwamba wenzake walipompongeza kwa kazi ya kawaida kabisa ya kituo chake alitambua kuwa wanamhurumia. Tarehe 2 Mei, mjini Detroit, alimwendea kocha Joe McCarthy akamwambia asimpange, kwa faida ya timu; kisha, kwa kuwa alikuwa nahodha, akaipeleka mwenyewe kwa mwamuzi karatasi ya majina ambayo kwa mara ya kwanza tangu 1925 haikuwa na jina lake. Michezo 2,130 mfululizo ikakoma. Babe Dahlgren akachukua nafasi yake, naye Gehrig akaenda kuketi.

Tarehe 19 Juni, siku aliyotimiza miaka thelathini na sita, madaktari wa Kliniki ya Mayo walimpa jawabu: ni maradhi yanayoua neva ziendeshazo misuli, yasiyo na tiba, ambayo Wamarekani tangu hapo huyaita kwa jina lake. Tarehe 4 Julai, kati ya michezo miwili ya siku hiyo, watu zaidi ya 61,000 walijaa Yankee Stadium kumuaga. Zawadi alizopewa aliziweka chini kwenye majani, kwa kuwa mikono iliyopiga homurani 493 haikuweza tena kuzibeba. Alisema maneno machache ya kushukuru, akijihesabu mwenye bahati, na nambari yake, 4, ikawekwa kando isivaliwe na mwingine, jambo lililofanyika kwa mara ya kwanza katika ligi kuu. Alifariki tarehe 2 Juni 1941, miaka kumi na sita kamili tangu siku alipochukua nafasi ya Pipp, na mwaka uliofuata Gary Cooper akacheza maisha yake katika filamu iliyomfikisha hata kwa wasiojali mchezo.

Miaka mirefu ya Foxx, 1940–1967

Foxx alibaki. Mwaka 1940 aliipita hesabu ya homurani ya Gehrig, na tarehe 24 Septemba akapiga ya 500, wa pili kuifikia baada ya Ruth. Tena akaipiga Philadelphia, katika Shibe Park ileile alikokulia na kuuzwa. Hakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu, na watu waliokuwapo wangeweza kuapa kuwa ataifikia 600. Lakini maumivu ya kichwa, macho yaliyodhoofika, na ulevi aliouona kuwa dawa ya maumivu vilimla upesi kuliko umri wake. Mwaka 1942 Boston ilimwachia Chicago. Mwaka 1945, vita vilipokuwa vimezimaliza timu, alirudi Philadelphia katika timu nyingine, Phillies, na huko, jambo la kustaajabisha, alitumiwa mara tisa kuwa mrushaji na akafanya kazi ya kusifika. Hapo akaacha kwa homurani 534, wa pili katika hesabu ya wote mpaka Willie Mays alipompita mwaka 1966.

Fedha alizozipata zilimponyoka. Alikuwa mkarimu kupita kiasi, na mradi wake wa uwanja wa gofu katika jimbo la Florida uliimeza akiba yake. Aliingizwa katika Jumba la Umaarufu, linalowaenzi wachezaji wakubwa wa besiboli, mwaka 1951. Mwaka 1952 akaifundisha Daisies ya Fort Wayne katika ligi ya wanawake, na kocha mlevi wa filamu mashuhuri iliyotengenezwa miaka arobaini baadaye juu ya ligi ile alibuniwa kwa kiasi fulani kutokana naye, ijapokuwa Foxx hasa alikuwa mtu mpole mwenye adabu. Mwaka 1958 ilibainika hadharani kuwa hana kitu, na Red Sox ikampa kazi ya kusaidia ukocha katika timu yake ndogo. Tarehe 21 Julai 1967, huko Miami, alipaliwa na chakula akafa, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa.

Mizani

Tuweke basi hesabu zao pamoja. Gehrig alicheza michezo 2,164 kwa wastani wa 0.340, akaingiza mikimbio 1,995. Foxx alicheza 2,317 kwa wastani wa 0.325, akaingiza 1,922. Gehrig alizidi kwa wastani na kwa ubingwa wa dunia, sita kwa mbili. Foxx alizidi kwa homurani na kwa tuzo za mchezaji bora, tatu kwa mbili. Na kuna jambo moja ambalo hawakuzidiana hata kidogo: kila mmoja aliingiza mikimbio mia moja au zaidi kwa miaka kumi na mitatu mfululizo, Gehrig kuanzia 1926 hadi 1938, Foxx kuanzia 1929 hadi 1941.

Mizani hii haitakuwa ya haki mpaka tuseme nani hakuruhusiwa kuipanda. Ligi kuu za zama zile ziliwafungia mlango watu weusi, na katika miaka ileile mlinzi wa kituo cha kwanza wa Homestead Grays, timu ya watu weusi, Buck Leonard, aliyezaliwa mwaka mmoja na Foxx, alikuwa akipiga na kulinda kwa ustadi uliowafanya watu wamwite Lou Gehrig mweusi. Naye hakupewa nafasi ya kumkabili hata mmoja wa wawili hawa katika ligi yao, na heshima yake katika Jumba la Umaarufu ilimfikia mwaka 1972. Wenye kusema kuwa zama zile zilikuwa na walinzi wawili wakubwa wasimsahau wa tatu, aliyezuiliwa mlangoni.

Kilichowatenganisha Gehrig na Foxx katika kumbukumbu za watu hakikuwa mkono wala rungu. Gehrig alikaa katika timu tajiri isiyolazimika kumuuza, akaondolewa mbele ya macho ya watu akiwa bado mkubwa, na subira yake katika msiba ikawafundisha waliomwona kufa kwa heshima. Foxx aliuzwa na mzee aliyempenda kwa sababu ya madeni, akapungua taratibu mbele ya watu wasiopenda kutazama kupungua, akaishi miaka ishirini na zaidi baada ya makofi kunyamaza. Gehrig hakuupata ukubwa wake kwa kufa, wala Foxx hakuupoteza wake kwa kuishi. Jiwe la ukumbusho la Gehrig liliwekwa Yankee Stadium mwezi mmoja tu baada ya kifo chake, na mamilioni wamelipita. Sanamu ya Foxx imesimama Sudlersville, kati ya mashamba yaleyale, na anayetaka kuiona hana budi kuiendea makusudi. Katika hesabu za mchezo, hata hivyo, mistari yao miwili ya miaka kumi na mitatu ingali imeandikwa sawa, mmoja kando ya mwingine.